Nani aliandika barua ya nta ya waridi?

Makala haya ni ya waliokwisha kufunga ukurasa wa mwisho wa A Dance with Dragons, kitabu cha 5 cha mfululizo wa A Song of Ice and Fire wa George R. R. Martin kilichotoka Julai 2011. Kama hujafika huko, ishia hapa, maana nitataja wafu kwa majina. Na kama umeitazama tamthilia ya HBO, Game of Thrones, ukaona inatosha, haitoshi. Barua hiyo ya nta ya waridi, yenye sahihi ya Ramsay, mwana wa bwana Roose Bolton, imo humo, lakini imenyofolewa kila kiungo kinachoifanya iwe kitendawili: kwenye tamthilia Mance Rayder, mfalme wa watu wa ng'ambo ya Ukuta wa barafu, alichomwa kweli, na wanawake wake wapiganaji wa mikuki hawakufika Winterfell, ngome ya kina Bolton. Hapa tunazungumzia kitabu.

Tuikumbuke kwanza. Barua inafika Castle Black, ngome ya walinzi wa Ukuta, katika sura ya mwisho ya Jon Snow, kamanda wao. Nje ina neno moja tu, Mwanaharamu, bila cheo wala jina. Imefungwa kwa nta ngumu ya rangi ya waridi iliyopakwapakwa. Ndani yake mwandishi anadai kwamba Stannis, anayedai kiti cha ufalme, amekufa na jeshi lake limesagwa katika vita vya siku 7, upanga wake wa miujiza umetekwa, na vichwa vya rafiki zake vimetundikwa kwenye kuta za Winterfell. Anadai kwamba Mance Rayder, yule ambaye dunia nzima iliambiwa ameteketezwa kwa moto, yuko hai ndani ya kizimba kwenye baridi, na amevishwa joho lililoshonwa kwa ngozi za wanawake 6 aliokwenda nao. Kisha anataka vitu 7: bibi harusi wake, mke wa Stannis, binti wa Stannis, kuhani mwekundu Melisandre, Val anayeitwa binti mfalme wa ng'ambo ya Ukuta, mtoto mchanga wa Mance, na Reek, jina ambalo Ramsay alimpa mateka wake Theon Greyjoy. Sahihi ni ya Ramsay Bolton, aliyejiita bwana halali wa Winterfell.

Mashabiki wamegawanyika vibaya juu ya barua hii. Wapo wanaosema ni Ramsay tu, mambo yaishe. Wapo wa Mance, wapo wa Stannis, na wapo wachache wanaomtaja Melisandre, Asha dada yake Theon, au Lady Dustin aliyeko Winterfell. Wengi hukwama kwa sababu wanaanza na mtu wanayempenda, halafu wanatafuta ushahidi wa kumvisha. Anza na karatasi yenye safu 3: mwandishi anajua nini, hajui nini, na anaweza vipi kuifikisha barua mezani kwa Jon. Safu ya 3 ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayoua nadharia nyingi.

Sura za kurudia si nyingi. Soma ile moja ya Melisandre, kisha zile za Theon ndani ya Winterfell kwa mfuatano: The Prince of Winterfell, The Turncloak, A Ghost in Winterfell, na Theon. Baada ya hapo soma The Sacrifice, ambayo ni ya Asha kambini kwa Stannis, ndipo urudi kwa Jon. Usizisome kwa kurukaruka ukidhani mpangilio wa kurasa ndio mpangilio wa siku. Martin hapangi sura zake kwa kalenda, na sehemu kubwa ya kitabu hiki inakwenda sambamba na matukio ya kitabu cha 4. Nadharia kadhaa nilizokutana nazo zimejengwa juu ya tukio ambalo, ukihesabu, lilikuwa halijatokea.

Safu ya kwanza, basi. Mwandishi anajua kwamba Mance yu hai. Siri hii ilikuwa na watu wachache mno. Melisandre alimvisha Mance sura ya Rattleshirt, mpiganaji mwingine wa ng'ambo ya Ukuta, kwa kiinimacho cha kito chekundu, na aliyechomwa ni Rattleshirt mwenyewe akiwa na sura ya Mance. Jon aliambiwa baadaye. Mance anajua, bila shaka, na wanawake 6 waliomfuata wanajua: Rowan, Holly, Squirrel, Willow Witch-Eye, Frenya na Myrtle. Mwandishi anajua pia Val ni nani na kwamba kuna mtoto mchanga. Anawaita ndugu wa Jon, yaani walinzi wenzake wa Ukuta, kunguru weusi, na hayo ni matusi ya watu wa ng'ambo ya Ukuta. Tena anajua jina Reek, ambalo mtu yeyote aliyekaa na kina Bolton msimu ule alilisikia. Hilo la mwisho watu hulichukulia kama muhuri wa Ramsay, na si kweli.

Safu ya pili ndiyo yenye utamu. Mwandishi hajui bibi harusi yuko wapi. Anamdai kwa Jon, kana kwamba yule msichana amekwisha kufika kwenye Ukuta. Sisi wasomaji tunajua kwamba Jeyne Poole, aliyeozwa kwa Ramsay kwa jina la Arya, dada yake Jon, aliruka ukutani pamoja na Theon wakaangukia kwenye theluji, wakaokotwa na watu wa Mors Umber, anayemuunga mkono Stannis, wakapelekwa kambini kwa Stannis. Sasa jiulize. Kama jeshi la Stannis limesagwa kweli na kambi imepekuliwa, kwa nini mshindi hana habari hata kidogo kwamba watu hao 2 walipita pale? Ama hakuifikia kambi, ama aliifikia ikiwa tupu. Kwa vyovyote vile, ushindi anaojivunia haukumalizikia mahali anapodai.

Na kwa nini adhani wamekwenda kwenye Ukuta? Kwa sababu huo ndio uliokuwa mpango wa Mance. Alitumwa kumchukua msichana na kumpeleka kwa Jon. Mwanamke wa mikuki akikamatwa na kubanwa aseme bibi harusi amekwenda wapi, atasema kile alichoambiwa: kwa kaka yake, kwenye Ukuta. Mambo ya Stannis na Mors Umber yalikuja baadaye, nje ya kuta, na hakuna mateka aliyeyaona. Kosa lililomo kwenye barua lina umbo lile lile la ujuzi wa mateka.

Sasa twende kwa watuhumiwa.

Stannis anaanguka haraka, na anaangushwa na ndege. Kunguru wa barua, kwa kawaida, hufunzwa kurudi ngome moja tu; wale wa kujua njia 2 ni nadra. Stannis amekwama kwenye theluji katika kijiji kisicho na watu, mwendo wa siku 3 kutoka Winterfell kwa hesabu ya hali ya hewa nzuri. Ndege walioko karibu naye ni wale wa meista, yaani msomi anayetunza ndege, wa kina Karstark, ukoo wa Kaskazini, na sura ya Theon ambayo mwandishi aliitoa mapema kutoka kitabu kinachofuata inaonyesha kwamba ndege hao wanarudi Winterfell. Hawendi Castle Black. Kwa hiyo Stannis anaweza kuidanganya Winterfell kwa bawa la kunguru, ila hana njia ya kumdanganya Jon. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Mance ana watetezi wenye akili, na nikiri hoja yao ya safu ya kwanza imekamilika: hakuna jambo hata moja ndani ya barua ambalo yeye halijui. Wanasema ameandika ili Jon akasirike na kuwashusha kusini wapiganaji wa Tormund, kiongozi wa watu wa ng'ambo ya Ukuta. Ugumu uko kwenye safu ya 3. Mance aliingia Winterfell kwa jina la Abel, mwimbaji, na wale wanawake 6 waliingia kama wafua nguo wake. Bibi harusi alipotoweka, aliyekwenda chumbani kwake ni nani? Wafua nguo wa Abel. Holly alipigwa mishale mbele ya macho ya Theon. Frenya alibaki nyuma kuwazuia askari. Haipiti saa kabla jina la Abel halijatajwa, na yeye wakati huo yuko katikati ya ukumbi wa Roose Bolton na kinanda chake, amezungukwa na watu wenye silaha. Kutoka hapo hadi afike kwa mameista, apate ndege wa Castle Black, aandike na kumrusha, panahitaji sura nzima ya miujiza ambayo hatukuonyeshwa hata kivuli chake. Halafu kuna mtoto. Mance hana sababu ya kujua kwamba Jon aliwabadilisha watoto na kwamba anayelelewa Castle Black ni wa Gilly, mwanamke mwingine wa ng'ambo ya Ukuta. Kwa ufahamu wake, kuandika vile ni kuiweka shingo ya mwanawe mezani ili kumchokoza mtu mwingine. Mance ni mjanja, lakini si baba wa namna hiyo.

Anabaki Ramsay, na mimi nasema ni Ramsay. Ana mameista na ndege. Ana mateka, na kila kilichomo kwenye safu ya kwanza kinaweza kutoka kinywani mwa mwanamke mmoja aliyechunwa ngozi, pamoja na yale matusi ya kunguru weusi. Ana sababu ya kudai watu anaowadai, kwa kuwa bila huyo Arya wa bandia madai yake ya Winterfell yanakosa mguu. Hata sahihi haina tatizo: kujiita bwana wa Winterfell kunatokana na ndoa ile, huku Roose akibaki mlinzi mkuu wa Kaskazini. Wanaosoma sahihi hiyo kama ushahidi kwamba Roose ameuawa wanakimbia mbele ya kitabu.

Lakini kusema Ramsay ameandika si kusema Ramsay anajua anachosema, na hapa ndipo kambi ya Ramsay na kambi ya Stannis zingepaswa kuketi pamoja. Roose aliwatoa nje watu wa koo 2 zilizokuwa upande wake, kina Frey na kina Manderly, wakapigane, baada ya damu kumwagika ukumbini. Wyman Manderly anawachukia Frey kwa ajili ya mwanawe aliyeuawa kwenye Harusi Nyekundu, karamu ambako kina Frey waliwaua wageni wao, na kwa siri amemtuma Davos, mtu wa Stannis, kumtafuta Rickon Stark, mdogo wake Arya. Kwa hiyo nusu ya jeshi lililotoka inaingojea nafasi ya kuigeukia nusu nyingine. Kijiji alichopiga kambi Stannis kiko kando ya maji yaliyoganda, na watu wake wamekuwa wakitoboa barafu ili wavue samaki. Wapanda farasi wazito, theluji inayoziba macho, barafu iliyotobolewa. Mashabiki wameiita nadharia hii Night Lamp, kutokana na mnara wa taa tunaousikia Davos anapopita visiwa vya Three Sisters, ambako wenyeji wa zamani waliwasha taa za uongo ili meli zipasuke miambani. Martin hasimulii habari za taa za uongo bure.

Kina Frey wakizama, anayerudi Winterfell na habari ni nani? Manderly, au mtu aliyevaa rangi za Karstark, akiwa na upanga unaong'aa mkononi kama ushahidi. Na wale ndege wa meista wanaorudi Winterfell wanapata kazi yao. Stannis mwenyewe, katika sura ile iliyotolewa mapema, anamwambia mtu wake Justin Massey kwamba huenda akasikia yeye amekufa, na aendelee na kazi aliyotumwa. Mtu asiyetania maishani mwake hatamki neno kama hilo ovyo.

Nadharia hii ina matundu na sitayafunika. La kwanza ni ngozi. Barua ya Ramsay kwa Asha ilikuja na kipande cha ngozi, na ile iliyomfikia Jon awali iliandikwa kwa wino wa kahawia uliobanduka chini ya kidole, mwandiko mkubwa wenye ncha ncha, na chini yake alama za mabwana wengine wa Kaskazini. Hii ya mwisho haina alama za wengine, na haisemwi kwamba ina ngozi wala damu. Mtu anayejisifu kuwa na ngozi 6 mbichi anashindwa kutuma hata ukucha mmoja? Kukosekana kwa mabwana naweza kukueleza: wengine wako nje vitani, wengine hawamtaki. La ngozi sina jibu linaloniridhisha. La pili ni zile siku 7. Hakuna jeshi katika hali ile lenye chakula cha kupigana siku 7. Mimi nalihesabu kama chumvi ya aliyeleta habari, lakini najua mtu wa Mance atalitumia kunipiga.

Tuiache barua, twende kwa matokeo yake. Jon anaisoma hadharani, anasema atakwenda Winterfell, na anapigwa visu na ndugu zake. Wick anamkata shingoni, jeraha jepesi. Bowen Marsh anamchoma tumboni huku akilia. Cha tatu kinaingia kati ya mabega. Cha nne hakisikii, anasikia baridi tu. Neno lake la mwisho ni jina la mbwamwitu wake, Ghost.

Atarudi, hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ni kwa utaratibu gani na kwa gharama ipi, na kitabu kimetupa sehemu zote za mtambo. Utangulizi mzima ni kifo cha Varamyr, mtu mwenye uwezo wa kuingia miili ya wanyama. Tunafundishwa humo kwamba mtu kama huyo akifa roho yake huhamia kwa mnyama wake, anaishi maisha ya pili, na kadiri siku zinavyopita ubinadamu wake huyeyuka hadi abaki mnyama mtupu. Kwa nini kitabu kianze na somo hilo na kuishia na Jon akimwita Ghost? Melisandre naye alimwona Jon motoni akiwa mtu, kisha mbwamwitu, kisha mtu. Umepewa hatua 3 kwa mpangilio wake.

Kinachoharibika katika ufufuo wa vitabu hivi ni 2: akili na mwili. Beric Dondarrion alifufuliwa na kuhani Thoros mara 6, na kila mara alipoteza kitu, hadi kumbukumbu za nyumbani kwake. Catelyn Stark alikaa siku 3 akiwa maiti, sehemu yake mtoni, na aliyerudi ni kisasi chenye nywele. Kwa Jon, Ghost anatunza akili, ilimradi asikae humo muda mrefu. Mwili unatunzwa na nini? Castle Black ina vyumba vya barafu ndani ya Ukuta, na Jon mwenyewe aliweka maiti 2 humo ili aone kama zitaamka. Wasomaji wengi waliipita habari hiyo wakidhani ni ya wafu wanaotembea tu. Mimi naona ni friji iliyowekwa mapema na mwandishi.

Kuna hatari moja ya kiufundi. Ghost siku ile alikuwa amefungiwa ndani, kwa sababu ya nguruwe mwitu mkubwa wa Borroq, na Borroq naye ana uwezo kama wa Varamyr. Bowen Marsh akipata akili ya kumuua mbwamwitu kabla ya mwili kupoa, hesabu yote inavunjika. Kwa hiyo katika kitabu kijacho, kabla ya kuuliza Melisandre yuko wapi, tafuta mlango wa Ghost ulifunguliwa na nani.

Kuhusu Young Griff, kijana anayetajwa kuwa Aegon, mwana wa mwanamfalme Rhaegar Targaryen, nitakwenda haraka. Nadharia kwamba huyu kijana si mtoto wa Rhaegar bali ni wa ukoo wa Blackfyre, tawi lililoasi la Targaryen, ina vidokezo vingi vizuri. Golden Company, kundi la askari wa kukodiwa, iliasisiwa na Bittersteel kwa ajili ya Blackfyre, na sasa imevunja mkataba wake ili imfuate anayedaiwa kuwa Targaryen. Illyrio, mfadhili wa kijana huyo, anapomwambia Tyrion Lannister kwamba ukoo huo umekwisha, anasema umekwisha kwa upande wa kiume, na upande wa kike anauacha ukining'inia. Katika kitabu cha 4 kuna kibao cha nyumba ya wageni, joka la chuma jeusi lililotupwa mtoni, na kichwa chake kimoja kikaibuka miaka mingi baadaye kikiwa chekundu kwa kutu. Joka jeusi lililogeuka jekundu majini, na huyu kijana tunakutana naye juu ya mto. Quaithe, mwaguzi, naye anamwonya Daenerys Targaryen juu ya joka la waigizaji.

Kinachonizuia kuapa ni hitimisho la kitabu. Varys, bwana wa wapelelezi, anamuua Kevan Lannister, na akiwa amesimama juu ya mtu anayekata roho, mbele ya watoto wasio na ndimi, anamwambia kwamba Aegon yu hai na amefika. Ya nini kumdanganya maiti? Wapo wanaojibu kwamba Varys alisema Aegon tu, hakumtaja baba, na jina hilo lingemfaa hata mwana wa Blackfyre. Jibu hilo lina ujanja, ila Kevan alikuwa akimfikiria yule mchanga aliyeletwa amefunikwa kitambaa chekundu, akasema amekufa, na Varys akamkanusha papo hapo. Kati ya kibao cha chuma na maneno haya, mimi bado nalalia kwa kibao, lakini kwa kidole kimoja tu.